Hukumu ya kuyahifadhi maneno mazuri na kuyasoma wakati wa dhiki

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Nina daftari ninalonakili maneno mazuri niliyoambiwa: barua ya marehemu mama yangu, shukrani za wanafunzi wangu, salamu za rambirambi za rafiki. Nikizidiwa na huzuni hulifungua, na moyo hupata nafuu. Dada mmoja wa darsa yetu amesema kuwa huko ni kujisifu, na kwamba Muumini hutulizwa na Qur'ani peke yake. Je, nilichome?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Usilichome. Asili ya jambo hili ni uhalali. Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka pango la Hira akitetemeka na kuihofia nafsi yake, Bibi Khadija (R.A.) alimtuliza kwa kumtajia mema yake mwenyewe: kwamba anaunga udugu, anawabebea wanyonge mizigo yao na kumkirimu mgeni, na kwa hiyo Mwenyezi Mungu hatamhizi kamwe.

Ama kuhifadhi na kuchoma, yote mawili yamo katika kisa cha Kaab bin Malik (R.A.), aliyebaki nyuma katika vita vya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, Waislamu wakaamrishwa wasizungumze naye, ikawa hivyo kwa siku 50. Katika dhiki hiyo ilimfikia barua ya mfalme wa Ghassan, ufalme wa Waarabu wa Kikristo huko Sham, yenye maneno ya kumliwaza na kumwalika ahamie kwake; akaisoma, akasema kuwa huo nao ni mtihani, akaitia tanurini. Toba yake ilipokubaliwa na akaingia msikitini, Talha bin Ubaydullah (R.A.) aliinuka mbio akampa mkono na kumpongeza, jambo ambalo Kaab aliapa kuwa hatamsahaulia Talha, na Kaab mwenyewe ndiye aliyelisimulia hata likamfikia mwanawe Abdullah, aliyekuwa akimwongoza baba yake baada ya baba huyo kupofuka. Barua ile ilikuwa na maneno matamu, lakini ilimwita mbali na Mtume. Mkono wa Talha ulimkaribisha kwa ndugu zake. Pitia daftari lako kwa kipimo hicho, na ukikuta ukurasa unaokuchochea kiburi au kukurudisha kwenye uhusiano usio halali, huo peke yake uchane.

Kuhusu kujisifu, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu afanyaye kheri kisha watu wakamsifu, akajibu kuwa hiyo ni bishara ya mapema ya Muumini, kama alivyopokea Imam Muslim, mkusanyaji wa Hadithi, kutoka kwa Abu Dharr (R.A.). Lililokatazwa ni kujitakasa, kwa kauli yake Mola: "Basi msijisifu usafi" (53:32). Ukisoma sifa, muombe Mwenyezi Mungu akusamehe wasiyoyajua watu, na usilionyeshe daftari hilo kwa wengine ili wakustaajabie, kwani hapo ndipo riya, yaani kutaka kuonekana na watu, huingia, mbali na kwamba aliyekuandikia faraghani amekuwekea amana.

Dada yako amesema kweli kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu (13:28), na ni vyema utangulize sala na Qur'ani kabla ya daftari. Ila hakuna mgongano baina ya mambo hayo, kwa kuwa neno jema la kiumbe ni rehema iliyopitishwa kwenye ulimi wake. Na kila uisomapo barua ya mama yako, muombee maghufira papo hapo, kwani dua ya mtoto mwema ni miongoni mwa yanayomfikia mzazi baada ya kufa kwake.

Wallahu a'lam.