Kwa waonjaji wapya: ulimi usikumbuke kasoro peke yake

Nimeonja kahawa hapa Moshi kwa miaka kumi na miwili, na jambo ninalotaka kuwaambia ninyi mnaoanza msimu huu halihusu kijiko wala joto la maji, bali kuandika kila usiku mambo mema ya siku. Kazi yetu inatuzoeza kutafuta kosa. Punje moja iliyochacha kupita kiasi hutosha kuharibu kikombe kizima, ilhali punje moja nzuri haiwezi kukiokoa kikombe kibovu. Ndiyo maana tunaandaa vikombe vitano kwa kila sampuli, ili chenye kasoro kisijifiche. Akili ya binadamu nayo huenda hivyohivyo, hata ya asiyewahi kuonja chochote: mwaka 2001 wanasaikolojia Paul Rozin na Edward Royzman waliandika kwamba baya huchafua jema kwa urahisi kuliko jema linavyoweza kulisafisha baya. Ukiongeza na mazoea ya meza ya kuonjea, unarudi nyumbani jioni ukiwa umebeba lawama tu.

Mimi nilikuwa hivyo. Katika mwaka wangu wa pili nilibadilisha lebo za sampuli mbili kwa bahati mbaya, msimamizi akanikaripia mbele ya wenzangu, na mpaka leo naikumbuka rangi ya shati lake. Wiki hiyohiyo mzee mmoja kutoka Uru alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa kuwa maelezo yangu yalikuwa yamemsaidia kurekebisha namna anavyoloweka kahawa yake. Tukio hilo lingepotea kabisa kama nisingelikuta nimeliandika pembeni mwa fomu ya zamani.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Martin Seligman na wenzake waliwaagiza watu waandike kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu ya kila moja, na nafuu yao ilionekana hata miezi sita baadaye. Mimi huandika mawili, maana la tatu nilikuwa nalitunga.

Zingatieni usahihi wa maneno. Hakuna mwonjaji anayeruhusiwa kuandika “nzuri” kisha akaondoka. Ni lazima aseme kama ni limau, sukari guru au ua, na aikalishe kahawa mdomoni kidogo kabla ya kuitema. Siku yako nayo inastahili uangalifu huo. “Kazi ilikwenda vizuri” haitakukumbusha chochote mwakani, lakini “dada wa mapokezi aliniwekea chai kwenye chupa kwa sababu alijua nitachelewa” itakukumbusha hata harufu ya tangawizi.

Zoezi hili, hata hivyo, halipandishi alama: kahawa ya alama 78 kati ya 100 haigeuki ya 80 kwa sababu umeamka na moyo mkunjufu, na kasoro iandikwe kama ilivyo.

Jana usiku niliandika hivi: “Sampuli ya nne, ukwaju. Kijana mpya aliutambua kabla yangu, kwa sababu alisubiri kikombe kipoe.”