Ketamini nyumbani kwa mgonjwa wa siku za mwisho: mambo ya kupanga kabla ya kidonge cha kwanza

Nchini Marekani, mgonjwa ambaye madaktari wawili wamethibitisha kuwa huenda hatavuka miezi sita anaweza kuingia katika hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa wa siku za mwisho, kwa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, akabaki nyumbani kwake, akaletewa kitanda, mashine ya oksijeni na kikasha cha dawa za dharura zenye morfini ya maumivu na lorazepamu ya kutuliza wasiwasi. Maumivu ya mwili hushughulikiwa mapema. Kinachochelewa kushughulikiwa ni hofu ya mauti, na hofu hiyo ndiyo iliyotufikisha sisi kwenye ketamini. Mjomba wangu, mzee wa Tanga aliyehamia Massachusetts zamani, alikuwa na saratani ya kongosho. Mchana alipokea wageni na kutania kama kawaida yake, lakini kila taa zilipozimwa alikaa kitako kitandani hadi Alfajiri, akikataa kulala na akikataa pia kusema anaogopa nini.

Ketamini si dawa ngeni. Ilitengenezwa mwaka 1962, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1970 kama dawa ya nusu kaputi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985. Kwa dozi ndogo isiyomlaza mtu kabisa, humweka mbali kwa muda na mwili wake na mawazo yake, na baadhi ya wagonjwa wa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, hupata nafuu ndani ya saa chache. Kwa walio karibu na kifo, ushahidi bado ni mwembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa wagonjwa 14 wa hospisi ketamini ya kunywa kila siku kwa siku 28. Wanane tu ndio waliofika mwisho, na ingawa hao walipungukiwa na sonona na wasiwasi, hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Nautaja kwa sababu matangazo ya biashara husema kwa uhakika mambo ambayo madaktari wenyewe huyasema kwa tahadhari.

Biashara ya kuuza ketamini ya kutumia nyumbani ilikua baada ya mwaka 2020, masharti yalipolegezwa kwa sababu ya UVIKO-19 na ikawezekana kuandikiwa dawa ya aina hii kwa mazungumzo ya video tu, kisha vidonge vya kumung'unya vikafika mlangoni kwa posta. Binti ya mjomba alikwisha kujaza fomu ya kampuni moja aliponipigia simu. Nilimwomba asubiri hadi nesi wa hospisi aje, na ushauri huo ningempa mtu yeyote leo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha ketamini kwa ugonjwa wowote wa akili, na Oktoba 2023 ilitoa onyo mahususi kuhusu vidonge vinavyochanganywa na maduka ya dawa na kutumiwa nyumbani bila uangalizi. Hata Spravato, dawa ya kupuliza puani iliyo jamaa ya ketamini na iliyoidhinishwa mwaka 2019, hairuhusiwi kutoka kliniki: mgonjwa hukaa hapo akiangaliwa kwa muda usiopungua saa mbili. Mwigizaji Matthew Perry alikutwa amekufa katika bwawa la maji ya moto nyumbani kwake mwezi huohuo wa Oktoba 2023, na ripoti ya uchunguzi wa kifo ikaitaja ketamini kuwa chanzo. Kwa mgonjwa wa hospisi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tayari anatumia morfini, na dawa mbili zinazolegeza fahamu hazipaswi kukutana mwilini bila daktari mmoja anayezijua zote mbili.

Kwa hiyo tulipita njia ndefu. Daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, alipima presha, kwa kuwa ketamini huipandisha pamoja na mapigo ya moyo. Akauliza kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kurukwa na akili. Akapanga upya saa za lorazepamu, ambayo huweza kupunguza nguvu ya ketamini. Kisha akaandika dozi ndogo ya kuanzia. Bima haikulipa, na mara nyingi hailipi, hivyo ulizeni bei mapema.

Lililobaki lilikuwa la mjomba mwenyewe. Aliuliza kama hicho si kileo, na kama kitamnyang'anya akili hata ashindwe kutamka shahada saa yake ikifika. Swali hili familia nyingi za kwetu hulikwepa, nami naona ndilo la kutanguliza. Imamu wake alifika, akamsikiliza, akamwambia kwamba dawa iliyoandikwa na tabibu kwa haja ya ugonjwa haihesabiwi sawa na ulevi wa kujifurahisha. Daktari naye akaeleza kuwa sehemu kubwa ya athari huisha baada ya saa mbili hivi. Tukapanga kufuata sala: anasali Alfajiri, hali kitu, kwa sababu tumbo lililoshiba huongeza kichefuchefu, anaweka kidonge chini ya ulimi saa tatu asubuhi, na Adhuhuri inamkuta amezinduka.

Chumba kinahitaji vitu vichache: pazia limeshushwa, ndoo ya kutapikia, kipimo cha presha, kitambaa cha kufunika macho na sauti ya kusikiliza. Mjomba alitaka kisomo cha Qur'ani. Mmoja wetu akaweka Yasini, sura ambayo wengi humsomea anayekata roho, binti yake akaizima mara moja akisema baba bado hajafika huko, nasi tukakubaliana kwa Surat Rahman. Anayekaa na mgonjwa asishike simu, asimhoji na asimguse ila walivyokubaliana mapema; sisi tulikubaliana mkono begani, basi. Mgonjwa asinyanyuke peke yake kwenda msalani hata akidai yuko sawa, maana miguu huchelewa kurudi kuliko ulimi. Na msidhani kila mara itakuwa njema. Safari moja alitetemeka, akamwita mama yake, marehemu wa siku nyingi, na kwa muda uliotuchosha sote hakututambua. Daktari alipunguza dozi baada ya hapo.

Faida niliyoishuhudia haikuwa ndani ya kile kidonge chenyewe. Ilikuja katika saa zilizofuata, uso wake ukiwa umelegea na ulimi wake mwepesi. Alikuwa ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili aliponiambia, "Mwanangu, mimi kufa sikuogopi. Naogopa kukabwa na pumzi kama alivyokabwa baba." Hakuna aliyejua kwamba akiwa mtoto alimwona baba yake akifa hivyo. Hofu iliyotajwa namna hiyo ina majibu ya kawaida kabisa: nesi alimweleza jinsi dozi ndogo ya morfini inavyotuliza kukosa pumzi, akaweka feni ndogo ielekee usoni, akamwandikia mkewe hatua kwa hatua nini cha kutoa na namba ipi ya kupiga usiku. Siku nyingine akataja deni la shemeji yake, kisha azikwe wapi, jambo ambalo watoto wake walikuwa wakilibishania nje ya chumba. Kwa hiyo nawashauri msiruhusu wageni alasiri ya siku ya dawa, na awepo mtu mmoja anayeaminiwa, mwenye kalamu na karatasi, asiyeogopa kusikia. Nafuu hudumu siku chache, ikapungua. Familia inayongoja kidonge kifanye mazungumzo kwa niaba yake itapata usingizi mzuri wa usiku mmoja au miwili tu.

Kuna wakati wa kuacha. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa kwa ugonjwa wenyewe, kuona watu wasiokuwepo au kushindwa kumeza, ketamini humzidishia, na dawa za hospisi za kutuliza ndizo zinazoendelea. Mjomba aliacha mwenyewe kabla ya hapo, akisema yaliyokuwa yakimkaa kifuani yamekwisha semwa. Vidonge vilivyobaki, ambavyo tulikuwa tukivifungia kwa ufunguo kwa sababu ya wajukuu, nesi aliviharibu mbele yetu na kuandika idadi yake.

Ndugu walioko nyumbani Afrika Mashariki wameniomba niwatumie vidonge hivi mzigoni. Sitatuma, na wala msimwombe mwingine: ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na bila daktari wa kuifuatilia ni hatari tupu. Walio Nairobi waanzie Nairobi Hospice, inayohudumia wagonjwa tangu mwaka 1990. Walio Uganda waende Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na inayojulikana kwa morfini yake ya maji. Walio Dar es Salaam waulize tiba shufaa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wakifika huko wasitaje maumivu peke yake. Wamweleze daktari pia kwamba mgonjwa halali usiku, na tangu lini.