Maswali yenu: wanawake, wanaume na vyuma

Wiki hii nimeweka kando maswali ya vitambi na ya kupunguza uzito. Nimechukua yanayohusu nguvu, maana karibu yote yameulizwa na wanawake, au na wanaume wanaowaulizia wake zao na mama zao.

Kocha, habari za kazi? Nina miaka 29, nafanya kazi ofisini hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilianza kunyanyua vyuma. Shoga zangu wanasema niache, eti nitakomaa kama mwanaume na sauti itakuwa nzito. Wanasema kweli?

Hapana, mdogo wangu. Sauti nzito na ndevu huletwa na homoni ya testosteroni. Mwanaume mzima anayo takriban mara 15 ya ile aliyonayo mwanamke, na kunyanyua chuma hakubadilishi hesabu hiyo. Wale wanawake wa mashindano ya kutunisha misuli wamepima kila wanachokula na kufanya mazoezi miaka nenda miaka rudi, na baadhi yao hutumia dawa za homoni. Hizo dawa ndizo zinazokwaruza sauti. Hakuna aliyelala akaamka yuko vile.

Kwako wewe, mabadiliko ya miezi miwili ya kwanza hata kioo hakiyaoni. Ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Ndiyo maana unaweza kuongeza kilo 10 kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma, na paja likabaki lilelile. Msuli wenyewe unafuata taratibu. Baadaye suruali itabana kidogo mapajani na kulegea kiunoni, na mabega yatakaa vizuri. Kama hilo ndilo wanaloliita kukomaa, basi komaa.

Kuna jambo linaniuma nami naomba niliseme hapa. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 12 hivi. Mama yake humfunga mgongoni, akapanda naye daladala huku mkono mmoja una kikapu cha sokoni. Mama huyohuyo akiingia jimu anakabidhiwa dambeli za kilo 2, anaambiwa hizi ndizo za akina mama. Mwaka unaisha bado anazungusha zile kilo 2, kisha anaacha kwa kuwa haoni tofauti. Tofauti itoke wapi? Msuli huongeza nguvu ukipewa kazi iliyozidi kidogo ile uliyoizoea. Hilo ni sawa kwa mwanamke na mwanaume. Ukiweza kurudia zoezi mara 12 na bado unapiga soga na mwenzako, ongeza uzito.

Kocha, mimi na mke wangu tumeanza mazoezi pamoja hapa Mwanza, kwa ratiba moja. Kwenye skwati tunakwenda vizuri. Kwenye pushapu na kusukuma chuma kifuani namwacha mbali, na naona anakata tamaa. Nimtafutie ratiba ya kike?

Ratiba ibaki ileile, kaka. Kinachobadilika ni kilo.

Kwa wastani, nguvu za mwanamke kuanzia kiunoni kwenda juu ni kama nusu ya za mwanaume; miguuni ni kama theluthi mbili. Mwanaume ana misuli mingi zaidi, na ziada hiyo imejaa hasa kifuani, mabegani na mikononi. Kwa hiyo unayoyaona kwenye pushapu ni maumbile, wala si uvivu wa mkeo. Mwambie hivyo leo jioni.

Tazama hata waliokulia kwenye vyuma. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Kuo Hsing-chun wa Taiwan alishinda wanawake wa kilo 59 kwa jumla ya kilo 236. Li Fabin wa China alishinda wanaume wa kilo 61 kwa jumla ya kilo 313. Miili inakaribiana uzito, na mwanamke amefika robo tatu ya mwanaume. Nami nikumbushe kwamba wanaume walinyanyua vyuma Olimpiki tangu 1896, wanawake wakafunguliwa mlango Sydney mwaka 2000.

Hata chuma chenyewe, ule mtaimbo wa kushika, si kimoja. Cha mashindano ya wanawake kina kilo 15 na unene wa milimita 25. Cha wanaume kilo 20 na milimita 28. Viganja na nguvu za kuanzia vimezingatiwa. Sasa jimu nyingi za mitaani zina chuma kimoja tu cha kilo 20, na mwanamke anayeanza kusukuma kifuani anakutana na mzigo kabla chuma hakijavalishwa sahani ya uzito hata moja. Ombeni chuma kifupi chenye uzito mdogo, au atumie dambeli.

Halafu kila mmoja awe na daftari lake. Tuseme wewe umeanza na kilo 40 na yeye 20. Baada ya miezi mitatu wewe uko 50, yeye 25. Nyote mmepanda robo, mmekwenda sawa kabisa. Na ndivyo inavyotokea tafiti zinapolinganisha wanaume na wanawake waliofuata mazoezi yaleyale: kwa asilimia, wanawake hawaachwi. Mwendo ni mmoja, mahali pa kuanzia ndipo panapotofautiana.

Utashangaa pia kwamba kwenye uzito wa kati mara nyingi mwanamke huchoka polepole na hupata nafuu mapema kati ya raundi na raundi. Wewe bado unahema, yeye yuko tayari. Usimzuie. Mwache aendelee, au aongeze marudio mawili.

Kwa pushapu, mikono aiweke kwenye meza imara, mwili unyooke kama ubao. Mimi napenda hivyo kuliko kupiga magoti. Akimudu 12 safi, ashuke kwenye benchi, kisha kwenye ngazi ya chini, mwisho sakafuni.

Siku za hedhi nipumzike?

Ukijisikia vizuri, fanya. Ukiumwa, punguza uzito au tembea tu, hutapoteza kitu. Zile ratiba zinazopanga zoezi la kila siku kwa kufuata mzunguko hazina ushahidi wa kutosha wa kukufanya ulipie pesa. Jambo la kutazama ni hedhi kupotea. Ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, na unajinyima chakula huku unafanya mazoezi makali, nenda hospitali. Mwili umeanza kubana matumizi, na mifupa ndiyo inayolipa.

Mimi ni mama wa miaka 63, niko Moshi. Mwaka jana niliteleza bafuni, mkono ukavunjika. Daktari amesema mifupa imepungua. Mwanangu ananitaka nianze vyuma. Si ndiyo nitavunjika zaidi?

Shikamoo mama, na pole sana. Hofu yako naielewa, na siku nyingi hata madaktari waliwaambia akina mama wa umri wako watembee tu.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na miaka ya mwanzo baada ya hapo mifupa hupungua kwa kasi. Wanaume pia hupungukiwa, ila hawana mteremko mkali kama ule, na wengi wao huanza na mifupa minene zaidi. Ndiyo maana nasema vyuma vina faida kwa mwanaume, lakini kwa mwanamke ni lazima. Mfupa hujengwa na mzigo. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, ila mzigo wake kwa mfupa ni mdogo mno.

Huko Australia walichukua wanawake wapatao 100 waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua, umri wao wastani miaka 65. Nusu walinyanyua vyuma vizito hasa mara mbili kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi minane: kuinua chuma kutoka sakafuni, skwati, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kudondoka kwa kishindo kidogo cha miguu. Matokeo yalichapishwa 2018. Mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka, wakati ya wenzao waliopewa mazoezi mepesi nyumbani ilizidi kupungua.

Lakini mama, wale walisimamiwa kila zoezi, na mwezi wa kwanza walijifunza mikao kwa uzito mdogo. Wewe anza hivi. Muulize daktari wako kama mgongo na shinikizo la damu vinaruhusu. Kisha tafuta kiti imara, kiegemee ukuta, uinuke na kukaa bila kujishika, mara 8, raundi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi, kumbatia kifuko cha unga cha kilo 2, baadaye cha kilo 5. Kuinama mbele ukikunja mgongo kuokota kitu kizito, hapana. Mwanao akuandalie mwalimu wa kukuonyesha ana kwa ana kabla hujashika chuma. Na bafuni aweke mpira usioteleza, leo.

Niko chuo Dodoma. Wavulana wa jimu wanatumia krietini, ule unga wa kuongeza nguvu. Na sisi wasichana tunaruhusiwa?

Ndiyo. Gramu 3 hadi 5 kwa siku. Si homoni, na inaongeza nguvu kidogo kwa wote. Mwenye shida ya figo au mjamzito amwone daktari kwanza. Ila kwa pesa ya mwanachuo, ningeanza na mayai, maharage na dagaa kila siku.

Nina watoto watatu, niko Tanga. Nikiruka kamba au kunyanyua kitu kizito mkojo unanitoka kidogo. Naona aibu hata kuandika.

Ahsante kwa kuandika, wako wengi mno waliouficha. Uzazi hulegeza misuli ya sakafu ya nyonga. Hilo hutokea sana, lakini usilizoee, linatibika. Bana kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, hesabu hadi 5, achia kabisa, hesabu 5 tena. Mara 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Kamba iache kwa sasa. Vyuma endelea, kwa uzito usiokutoa mkojo, na ubane kabla ya kuinua huku ukitoa pumzi. Usizuie pumzi. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, nenda kwa daktari wa wanawake.

Niko Homa Bay. Kila siku nabeba maji kichwani, ndoo ya lita 20. Hayo si mazoezi tosha?

Dada, una ujuzi ambao wanasayansi walikuja Kenya kuupima. Mwaka 1986 walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini. Hadi mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao, walitembea bila kutumia nguvu ya ziada yoyote. Mwendo wenu umejifunza kubana nguvu.

Na jibu langu limo humo humo. Mwili uliojifunza kubana nguvu kwenye mzigo uleule, njia ileile, haupati sababu ya kuongeza misuli. Kama una kilo 60, ndoo yako imepita asilimia 20, kwa hiyo inakuchosha, lakini ni uzito uleule wa miaka yote. Shingo na mgongo vimezoea. Kusukuma, kuvuta na kuchuchumaa na mzigo hukufanyi.

Mara mbili kwa wiki, wakati maji bado yako nyumbani, chukua madumu mawili makubwa, kila moja ulitie lita 5 za maji. Yashike mikononi, sukuma makalio nyuma, mgongo umenyooka, yashushe hadi chini ya magoti na uinuke, mara 10. Kisha inama mkono mmoja ukiwa kwenye kiti, uvute dumu hadi ubavuni, mara 10 kila upande. Kisha pushapu za ukutani. Raundi tatu. Kila wiki mbili ongeza lita moja kwenye kila chombo.