Silikoni pekee haitoshi
Je, kihisi cha presha kinachopandikizwa mwilini kinaweza kulindwa na unyevu kwa kukipaka silikoni (aina ya mpira laini) tu? Hapana, kupaka silikoni tu hakuzuii unyevu. Inazuia damu na chumvi zisiguse saketi, lakini mvuke wa maji hupenya polima yoyote (yaani plastiki au mpira, silikoni ikiwemo) ukipewa muda, na hapo ndipo kihisi cha presha huanza kusoma kombo, kidogo kidogo. Ndiyo maana CardioMEMS, kihisi cha presha kinachowekwa kwenye ateri ya mapafu (FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikiidhinisha 2014), kimefungwa ndani ya kidonge cha silika (aina ya kioo) kisichopitisha hewa. Silikoni ni ganda la juu tu. Tena kihisi hicho hakina betri wala waya unaotoka nje, kwa hiyo hakuna tundu la kuvuja. Ila tishu zikiota juu ya kiwambo (utando mwembamba unaohisi presha), usomaji bado unaweza kupotoka.