Seva za Kuthibitisha Watumiaji: Anzeni na Dakika Mbaya Kuliko Zote

Ndugu zangu mnaoingia katika kazi ya mitandao, mkiulizwa taasisi inahitaji seva ngapi za kuthibitisha watumiaji, yaani zinazohakiki kila anayeomba kuingia kwenye mtandao, msitosheke na idadi ya wafanyakazi. Tafuteni kwanza ile dakika ambayo vifaa vyote vitaomba kuingia kwa mkupuo.

Nilijifunza hili katika ofisi moja hapa Mwanza yenye wafanyakazi 1,200, kila mmoja na kompyuta mpakato na simu. Asubuhi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili, vifaa hivyo 2,400 viliingia bila shida, kwani mzigo haukufika maombi mawili kwa sekunde. Siku moja umeme ulikatika mchana. Uliporudi, vituo vya Wi-Fi viliwaka pamoja na vifaa vyote vikabisha hodi ndani ya dakika moja, yaani maombi 40 kwa sekunde. Kibaya zaidi, RADIUS, itifaki ambayo vituo vya Wi-Fi huitumia kuiuliza seva kama mtu aruhusiwe, husafirisha ujumbe wake kwa UDP, njia isiyohakikisha kama ujumbe umefika, kwa kawaida kupitia mlango (port) wa 1812, na asiyejibiwa upesi hutuma tena ombi lile lile, hivyo seva iliyokwisha kulemewa huongezewa mzigo. Katika kumbukumbu za seva niliona jina la mtumishi mmoja likijirudia mara tano, mstari chini ya mstari, naye bado amesimama nje ya mtandao.

Basi pimeni wenyewe, kwa njia ile ile ya kuingia mtakayoitumia, maana kuthibitisha kwa vyeti vya kidijitali mara nyingi hudai kazi nyingi kuliko nenosiri. Ikiwa seva moja inahimili maombi 25 kwa sekunde, mzigo wa 40 unataka mbili, na ya tatu ni ya siku ambayo mojawapo itakufa. Zote tatu zikitegemea UPS moja, yaani kifaa kimoja cha umeme wa akiba, mmenunua seva moja kwa bei ya tatu. Wekeni moja Nyamagana na nyingine Ilemela, kama taasisi ina majengo huko.

Tawi la Nansio, Ukerewe, lina hesabu yake. Kiungo kinachovuka ziwa hadi seva za Mwanza kikikatika, watumishi wa kule hawawezi kuingia hata kwenye mafaili yaliyo chumba cha pili, kwa hiyo wapeni seva ndogo yenye nakala ya akaunti ya kusomwa tu. Saa yake nayo iangaliwe, kwa sababu Kerberos, itifaki nyingine ya kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika 5 kati ya kompyuta na seva.

Kabla ya kukabidhi kazi, zimeni seva moja Jumatatu asubuhi, kwa idhini ya wakuu, kisha mkae mbele ya kumbukumbu za zile zilizobaki hadi mtumishi wa mwisho aingie.