Mume wangu anaita matembezi, mimi naita kambi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Leicester, Uingereza. Nilizaliwa Uvira, Congo. Mwaka 1999, nikiwa na miaka 9, ndege ilitupa mabomu mjini kwetu. Mimi na dada yangu tulijificha uvunguni mwa kitanda. Baadaye tukavuka ziwa usiku kwa boti, na nikakulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mpaka nikawa msichana mkubwa. Mume wangu ni Mkenya, amezaliwa Magongo, Mombasa. Mwanetu ana miaka 11 na anapenda ndege kuliko wenzake wanavyopenda mpira. Sasa baba yake amenunua tiketi: mwezi wa Julai twende Fairford kwenye maonyesho makubwa ya ndege za kijeshi, tulale kwenye hema siku nne. Hakuniuliza. Mtoto amefurahi mpaka hali chakula. Mimi tangu siku hiyo usingizi sina. Nimewaambia tu kwamba sipendi kelele na sipendi kulala chini. Mume anasema naharibu furaha ya mtoto. Wifi yangu anataka nimpe yeye tiketi yangu. Na jambo lingine, Shangazi: naumia kuona mwanangu anapigia makofi vitu vinavyoua watu. Nikatae, nijikaze niende, au nimpe wifi tiketi? – Mama wa Wawili, Leicester*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja: "Nimewaambia tu kwamba sipendi kelele." Umeishi na mwanamume huyu miaka yote hiyo, umemzalia watoto wawili, naye hajui habari ya uvungu wa kitanda. Anajua umetoka Congo na ukapitia Tanzania, pengine hata jina la Nyarugusu amelisikia. Lakini ya usiku ule wa boti hajaambiwa. Kosa lake nitalitaja bila kupepesa: safari ya familia haipangwi na mtu mmoja na simu yake. Ila la kuharibu furaha, analisema kwa sababu anachokiona mbele yake ni mke anayenuna kwa ajili ya kelele na godoro.

Hebu mtazame alikotoka. Magongo iko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Moi. Mtoto wa pale amekua ndege zikishuka karibu na mapaa, na ikipita moja watoto wote wanatoka mbio uani kuipungia mikono mpaka izame nyuma ya minazi. Muungurumo kwake ulikuwa wito wa kutoka nje, na kwako ulikuwa wito wa kuingia uvunguni. Mmelala kitanda kimoja miaka kumi na zaidi, kila mmoja na ndege yake. Na hili neno kambi ni vivyo hivyo. Yeye akisema tukapige kambi anawaza chai ya asubuhi kwenye jiko la gesi, mtoto akicheka ndani ya mfuko wa kulalia. Wewe ukilisikia unaona kadi ya mgao, foleni ya maji, turubai linalovuja, na vumbi jekundu la Kasulu ambalo halitoki nguoni hata ufue vipi. Hakukudhihaki, mwanangu. Alitumia neno lake, nalo likagonga kwenye kidonda chako.

Kwa hiyo kabla ya mambo ya tiketi, mwambie. Usimwambie kwenye gari, wala mbele ya mtoto, wala katikati ya ugomvi. Ngoja usiku watoto wakilala, zima televisheni, umwambie una jambo la zamani. Usianze na vita. Habari ya vita vya Congo ameisikia redioni tangu utotoni na masikio yameshazoea. Anza na kile kitanda. Mwambie kilikuwa cha mbao au cha chuma, nani alikuvuta, uliona nini kwa chini, miguu ya nani. Ukifika mahali pa kulia, lia. Hutaweza kusimulia yote usiku mmoja na hakuna anayekudai yote.

Sasa, umeniuliza ujikaze uende? Hapana. Hapo nakukatalia kabisa. Wanawake wetu tumefundishwa kujikaza mpaka tumesahau kwamba mwili nao una kumbukumbu zake. Nikueleze Fairford ilivyo, maana nilikwenda mara moja na familia ya mdogo wangu, na sitaki ufike pale bila kujua.

Ni kituo cha jeshi la anga mkoa wa Gloucestershire, kinachotumiwa na Wamarekani, chenye njia ya kurukia ya kama kilomita 3. Maonyesho yenyewe, Royal International Air Tattoo, yalianza mwaka 1971 kwenye uwanja mwingine huko Essex, yakahamia Fairford mwaka 1985. Mwaka 2003 yaliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kukusanya ndege 535. Mashamba ya jirani hugeuka mji wa mahema. Watu hufika siku mbili tatu kabla, kwa sababu wapenzi wa ndege hutaka kuziona zikiwasili na marubani wakifanya mazoezi. Kwa hiyo usidhani kelele huanza siku ya maonyesho. Watu wazima wamesimama juu ya ngazi za kukunja, kamera ndefu mkononi, redio ndogo sikioni wakisikiliza mazungumzo ya mnara wa kuongozea ndege. Asubuhi nyasi zina umande mpaka viatu vinalowa, na upepo ukigeuka unaleta harufu ya mafuta ya taa. Usiku ni kimya, maana kuruka ni kwa mchana.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha plastiki ndege moja ya kivita, Typhoon, ilipopita. Rubani alikuwa ameongeza moto, yaani mafuta ya ziada yanamwagwa nyuma ya injini na kuwaka huko huko kwenye bomba la moshi. Niliona chai inatetemeka ndani ya kikombe, miduara midogo midogo, halafu sauti ikanipiga kifuani. Mimi sijawahi kuona bomu maishani, na bado magoti yalilegea. Mpwa wangu pembeni alikuwa anaruka kwa furaha.

Sababu ya kukupiga ghafla hivyo ni kwamba sauti ni ya polepole kuliko unavyofikiri. Inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ndege ikiwa umbali wa kilomita moja, unachokisikia ni kelele ya sekunde 3 zilizopita, na yenyewe imeshasogea. Inakuja karibu kimya, kisha ngurumo inakuangukia ikiwa imeshapita. Kwa mtu aliyekua akitega sikio ajue kama akimbie, hilo ni baya kupita yote, kwa sababu sikio linakusaliti. Mwili hausomi tiketi ukajua haya ni maonyesho.

Ndiyo maana nataka iwe hivi. Baba na mwana waende na hema lao, siku zao zote nne. Wewe usilale kwenye hema mwaka huu. Kama moyo utakubali, nenda siku moja tu, ulale Leicester usiku wa kuamkia siku hiyo na urudi Leicester jioni yake, au mtafute chumba cha kulala wageni chenye kitanda na ufunguo. Ratiba ya ndege hutolewa, na mtangazaji hutaja kila ndege kwenye vipaza sauti kabla haijaanza. Kaa na mwanao msome ratiba pamoja, yeye akuwekee alama kwenye zile zenye moto wa ziada. Hiyo ndiyo kazi atakayoifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote ya shule. Zikifika hizo, uwe umeshavaa vikinga masikio, vile vikubwa vya mafundi, na vizibo vya sponji ndani yake. Au uwe kwenye gari mbali na uwanja. Watoto nao wavae, hata wakisema ni vya aibu. Masikio ya mtoto hayanunuliwi.

Kama utataka kuanza na kitu chepesi, anza na Red Arrows, zile ndege nyekundu zinazochora angani kwa moshi mwekundu, mweupe na wa buluu. Zile ni Hawk, ndege za mafunzo, hazina moto wa ziada. Moshi wenyewe ni mafuta ya dizeli yanayomwagwa kwenye joto la injini, yakichanganywa na rangi. Mwanao bila shaka anajua. Mwache akueleze kama vile hukuwahi kusikia.

Hukuuliza kama huwa zinaanguka, lakini najua uliwaza, na mumeo akikwambia hazianguki usikubali. Pale pale Fairford mwaka 1993 ndege mbili za kivita za Urusi, MiG-29, ziligongana angani. Marubani wote wawili waliruka kwa miavuli na hakuna aliyekufa. Kwenye maonyesho kama haya huko Ramstein, Ujerumani, mwaka 1988, ndege ziligongana na walikufa watu 70. Baada ya Ramstein kanuni zilikazwa, vituko vikafanyika mbele ya watazamaji kwa umbali maalumu badala ya kuelekezwa kwao. Nakwambia haya kwa sababu mtu aliyewahi kudanganywa kwamba "haitafika huku" anastahili kuambiwa ukweli.

Kuhusu makofi. Hili ndilo lililoniweka macho mimi nami. Wako watakaokwambia zile ni za maonyesho tu. Si kweli. Ule mwaka 2003 wa rekodi ya ndege 535, miezi michache kabla yake, ndege za kudondosha mabomu za Wamarekani, B-52, zilikuwa zikipaa kutoka njia ile ile ya Fairford kwenda kupiga Iraq. Kule chini kulikuwa na watoto wa miaka 9 pia. Kwa hiyo uchungu wako una msingi, usiuombee radhi.

Lakini mwanao hapendi mauaji, mwanangu. Anapenda chuma kinavyoweza kupanda mbinguni. Ukimkataza bila kumweleza, atapenda kwa siri na atajifunza kwamba mama hana hoja, ana hasira tu. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa: "Mimi nilipokuwa mdogo kuliko wewe, ndege ilikuja kwetu kwa ubaya." Sentensi chache tu, bila damu, kisha ngoja maswali yake. Yatakuja baadaye, pengine akiwa anakula au anavaa viatu. Mjibu moja moja. Na mkifika uwanjani, mtafutie ndege kubwa za mizigo zilizoegeshwa, kama C-130, ambazo mara nyingi watu huruhusiwa kuingia tumboni mwake. Mwambie mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wanakufa kwa kipindupindu Goma, ndege za jeshi za namna hii zilishusha misaada pale. Asimame ndani, aguse ukuta. Ajue kwamba rubani hupewa amri, na amri hutoka kwa watu. Baada ya hapo akipiga makofi, atakuwa anajua anapigia nini, na siku nyingine mikono itabaki mifukoni.

Hema lenyewe nalo tulisemee neno. Julai ya Uingereza haiaminiki. Mwaka 2008 maonyesho yote yalifutwa kwa sababu mvua ililowesha uwanja na sehemu za kuegesha magari. Tope, mvua juu ya kitambaa, watu kwenye foleni na ndoo: nadhani hilo lingekuumiza kuliko hata ndege. Kama siku moja utataka kulijaribu hema, liwekwe uani kwenu Leicester, mlango wa nyumba ukiwa wazi na taa ya jikoni inawaka. Ukichoka saa nne usiku unaingia ndani ukalale kitandani kwako. Kule Nyarugusu hukuwa na mlango wa kurudia.

Na jambo hili usiliache: usingizi ulioondoka tangu siku ya tiketi si wa kusubiri Julai ipite. Hapo England unaweza kujipeleka mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies, yaani tiba ya mazungumzo ya huduma ya afya ya taifa, bila kupitia kwa daktari kwanza, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Waambie wazi: vita, ndege, utotoni, sasa silali. Kuna tiba zilizotengenezwa kwa ajili ya maumivu ya namna hiyo hasa, na waliopitia vita hutibiwa kwazo. Ukiona aibu kupiga simu, mumeo akae kando yako unapopiga. Hiyo ni kazi yake, na ataifanya vizuri zaidi akishajua habari ya kitanda.

Wewe mume, ukisoma haya kwa bega la mkeo: mwanao ana bahati ya baba anayelala kwenye nyasi zenye umande kwa ajili yake. Usiache. Ila jioni hii kaa kimya umsikilize mama yake mpaka mwisho, usimkatize hata kwa kumfariji.

Wifi naye mwambieni asubiri. Mpaka Juni iishe hujui moyo utasemaje, na tiketi hizo hununuliwa mapema, hazipatikani mlangoni. Iweke kabatini.