Boti inalala tezi, lakini sakafu ni kavu
Fundi wa Vyombo Anajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu mume wangu aliniachia boti ya faiba ya futi 21, na wanangu wanaivulia hapa Sahare. Siku hizi inalala tezi, yaani nyuma, na mashine ya nguvu 15 haiinyanyui kama zamani. Vijana wanne walikuwa wakiisukuma hadi majini, sasa wanatakiwa saba. Juu ya sakafu hakuna hata tone la maji la kufua. Fundi mmoja kaniambia nizibe nyufa zote kwa silikoni, kisha nipige rangi. Nifanyeje?
Mama mwenye boti, Sahare, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Silikoni iweke kando kwanza. Ukiziba leo, utakuwa umeyafungia maji ndani.

Maji unayo, yamekaa chini ya sakafu. Ndoo kumi tu za lita 20 zinapita kilo 200, sawa na kupakia watu watatu wasiofanya kazi. Tena watu hukaa walipowekwa. Maji hayakai: wimbi likiilaza boti upande mmoja, yote hukimbilia upande huohuo na kuilaza zaidi. Kwa hiyo wanao wasitoke nje ya ghuba mpaka kazi hii iishe. Nakuomba sana.

Mimi nimekulia kwenye mashua za mbao hapa Bagamoyo. Wazee walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani huko nyuma na mbele mwisho wake ni tumbo la chini la chombo, na maji ya mashua hufanya hivyohivyo: chini ya mataruma, mbavu za mashua, huachwa vinjia, yanateremka ngamani, unayaona, unayafua. Boti yako imefunikwa, ngama yake haionekani. Boti ya kwanza ya faiba niliyoletewa niliziba kila ufa, nikaridhika. Baada ya miezi miwili ikarudi nzito kuliko mwanzo. Nilipoitoboa, maji yalichuruzika tangu yalipopwa ya bahari mpaka yakaanza kujaa tena.

Sababu niliielewa baadaye. Boti ikianikwa juani, hewa iliyofungiwa chini ya sakafu hupanuka na kutoka kwenye vitundu vya skrubu. Ukiishusha kwenye maji ya baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia vitundu hivyohivyo. Kila siku kidogo.

Sasa fanya hivi. Ipandishe wakati wa bamvua ili ikae juu, uinue omo kwa magogo. Nusa kwanza: ukisikia harufu ya petroli chini ya sakafu, usitoboe, acha wazi upepo uipite. Tumia keke ya mkono, si mashine ya umeme. Toboa sehemu ya chini kabisa ya tezi, pembeni mwa mkuku, ule uti wa chini wa boti. Maji yakitoka, onja tone kwa ncha ya ulimi. Ya chumvi yameingia kutoka baharini, tafuta chini na kwenye ubao wa mashine. Yasiyo na chumvi ni ya mvua, tafuta kwenye sakafu na kwenye mshono wa ukingo. Kuupata ufa wenyewe, paka povu la sabuni nje, kisha pulizia hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli kwenye tundu ulilotoboa. Usikubali kompresa, itabandua sakafu.

Kisha chomoa kipande cha foma iliyojazwa chini ya sakafu, ukikamue kwa mkono. Kikitoa maji, toboa utakavyotoboa, foma hiyo haitakauka. Ikatwe yote. Lakini usiache patupu, maana ndiyo inayoibakiza boti juu ikijaa maji. Pajaze madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko vya kukaza, yafungwe yasitembee. Kila moja hubeba karibu kilo 20.

Faiba ikiwa na unyevu haishiki rezini, ile gundi ya kuzibia. Kwa hiyo kazi ya kuziba iwe Januari au Februari, kaskazi ikivuma, kabla ya masika. Boti ikae wazi wiki kadhaa.

Tundu la tezi usilizibe kwa rezini. Litilie kizibo cha shaba cha kukaza kwa skrubu, wanao wakifungue kila boti inapopanda pwani. Kizibo wakining'inize kwa kamba kwenye mkono wa mashine, ili asiwepo wa kuwasha kabla hajakishika.